Lugha ya Kumwogeshea Chance

Mara ya kwanza Angélique aliposikia sauti ya binti yake nyuma ya mlango, alijua palepale kwamba kuna mwanamume.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Alikuwa amerudi kutoka sokoni kuchukua kopo la kupimia maharage, alilolisahau juu ya meza. Uani hapakuwa na mtu. Ndani ya chumba Séphora alikuwa anamwogesha mtoto wake, Chance, na alikuwa anaongea. Hakuwa anaimba wala kugombeza. Alisema maneno machache, akanyamaza, kisha "ehee", kama mtu aliyejibiwa, kisha maneno tena. Hivyo ndivyo watu wanavyoongea kwenye telefoni.

Angélique alisukuma mlango. Séphora akanyamaza, mikono yake ndani ya beseni, mtoto katikati ya mikono.

"Unasema na nani?"

"Na mutoto."

"Mutoto iko na miezi munane. Anakujibu nini?"

 Séphora alimtoa mtoto majini, akamfunika kitenge kichwa na yote, kama anamficha.

Siku hiyo Angélique hakurudi sokoni mapema. Alingoja binti yake aende bombani na bidoni ya maji, akapekua. Alinyanyua godoro, akatikisa mfuko wa nguo za mtoto, akachungulia hata ndani ya sufuria kubwa isiyotumika. Telefoni hakuiona. Na badala ya kutulia, alizidi kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu kitu kilichofichwa vizuri hivyo ni kitu kibaya.

Alikuwa na sababu zake. Mume wake Athanase alipokufa, miaka miwili iliyopita, Angélique alimtuma Séphora Kasenyi, kando ya ziwa, kwa mdogo wake Abigaël aliyekuwa anakausha samaki. Msichana alikuwa na miaka kumi na tano. Mwaka uliofuata habari ikapanda kutoka ziwani: Séphora ana mimba, na mwenye mimba ni Serge, kijana wa kupakia pirogi, mitumbwi ya ziwani. Angélique alikuwa bado anapanga namna ya kukasirika wakati watu wenye silaha walipoingia Kasenyi. Abigaël alikimbilia majini, akavuka mpaka Uganda. Serge pia alivuka, na tangu siku hiyo namba yake haipatikani. Séphora alikuwa juu mteremkoni, akitafuta kuni. Yeye alikimbilia milimani.

Wiki kumi na moja hapakuwa na habari. Mudzi-Pela, mtaa wa Bunia walipoishi, watu wa kanisa walikuwa wamekwisha kuja kukaa na Angélique kama wanavyokaa kwenye kilio. Halafu asubuhi moja pikipiki, "moto" kama wanavyoiita Bunia, ilisimama mbele ya nyumba, na Séphora akashuka na mtoto wa wiki tatu mgongoni. Walimuuliza alikuwa wapi. "Nilikuwa kwa mama moja," alisema. Walimuuliza mama gani. Hakusema tena.

Angélique alimpokea, alimpikia uji, alimwogesha. Lakini hakumaliza kumuuliza. Aliuliza kwa macho, kila siku.

Kwa miezi sita Séphora alikaa na mtoto wake bila neno. Alinyonyesha, alifua, alibeba. Halafu akaja Claire. Claire alikuwa animatrice, mwendeshaji wa vikundi, mwanamke wa kama miaka thelathini, aliyekusanya wasichana waliozaa kabla ya wakati, kila Jumanne, nyuma ya kituo kimoja cha afya cha kanisa. Hakugawa sabuni wala unga, na hilo peke yake lilimtia Angélique shaka. Mtu anakusanya wasichana na watoto wachanga, hagawi kitu, anataka nini?

"Nabafundisha kusemesha batoto," Claire alimwambia siku alipopita nyumbani. "Unamuambia mutoto kile unafanya. Kisha unanyamaza kidogo, umupe nafasi ajibu."

"Ajibu na kinywa gani?"

"Na macho. Na muguu. Utaona."

Angélique hakuona. Alichoona ni kwamba tangu Claire aje, binti yake alikuwa anafunga mlango wakati wa kumwogesha mtoto.

Baada ya ile siku ya kopo la maharage, alianza kuchelewa kwenda sokoni. Alisimama karibu na mlango, viatu mkononi. Siku ya tatu aliweza kusikia vizuri. Hakikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kihema, lugha ya nyumbani kwao Bogoro. Séphora alikuwa anamsemesha mtoto wake Kilendu, lugha ya Walendu, ambao Wahema wamepigana nao miaka na miaka.

Angélique alikaa chini, palepale kizingitini. Lugha hiyo hakuijua, lakini sauti yake aliijua. Mtu aliyekulia barabara ya Bogoro anaijua. Siku za amani aliisikia sokoni, siku nyingine aliisikia kwa mbali na akakimbia. Binti yake alikwenda Kasenyi bila neno hata moja la Kilendu. Alifundishwa na nani? Kwenye kitanda cha nani?

Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, kutoka Kasenyi mpaka siku ya pikipiki. Hesabu ilijibu vizuri: mimba ilikuwa tayari kubwa wakati wa kukimbia, Abigaël mwenyewe aliiona. Akahesabu tena.

Halafu akamkumbuka Claire, na kwamba Claire alitoka Fataki, upande wa Djugu, kunakosemwa Kilendu. Alhamisi asubuhi aliweka telefoni yake dirishani nyuma ya pazia, akabonyeza pa kurekodi, akaenda kusimama mlangoni kama kawaida. Siku hiyohiyo alikwenda kituoni.

Claire alikuwa anafagia chumba cha mkutano. Angélique hakukaa.

"Ni weye unamufundisha mutoto yangu Kilendu?"

Claire aliacha fagio. "Mu groupe tunasema Kiswahili, Mama Séphora. Na binti yako hapa hasemake. Anakaaka tu kimya."

"Weye si unajua Kilendu?"

"Najua. Mimi ni Mugegere, Muhema kama weye. Siye ba Djugu tunakisema tangu ba koko zetu, ba bibi na ba babu. Luga haiko damu."

Angélique alitoa telefoni. Claire alipoelewa ni nini, uso wake ulibadilika.

"Ulimurekodi mutoto wako mwenyewe? Unataka kupelekea nani?"

"Nataka kujua tu anasema nini."

"Na kisha kujua, utafanya nini?"

"Sijue."

Claire alitazama mlango uliokuwa wazi. Angélique aliona kwamba huyu mwanamke naye anamwogopa, anafikiri labda ametumwa kupeleleza, na jambo hilo lilimshangaza; hakuwahi kujifikiria kama mtu wa kuogopwa. Mwishowe Claire alifunga mlango, akaweka telefoni sikioni, akasikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akairudisha mwanzo.

"Anasema: hii ni maji. Maji iko baridi kidogo, ngoja. Hii ni muguu. Muguu ya nani?" Claire alinyanyua kidole. "Hapa ananyamaza, anangoja. Sikia, mutoto anapiga maji. Anasema: ehee, muguu yako. Na hii ingine pia yako."

"Endelea."

"Anasema, sabuni inateleza. Anasema, tumbo, kubwa kama ya chef wa kijiji." Claire alitaka kucheka, akaacha.

"Endelea."

"Mama Séphora..."

"Nimesema endelea."

"Anasema: kule ku mulango kuko mutu. Ni koko yako, mama yangu. Usimuogope. Anatuangaliaka vile sababu anafikiri tulimuiba kitu."

Nje, kuku walikuwa wanachakura. Angélique alichukua telefoni, akaiweka ndani ya blauzi.

"Ile Kilendu yake si ya kuzaliwa nayo," Claire alisema polepole. "Na si ya vijana. Kuko maneno hapa batoto ya leo habasemi tena, mama yangu ndiye alikuwa anayasema. Alifundishwa na mwanamuke muzee."

"Ao mwanamuke muzee na mwana wake," Angélique alisema, akatoka.

Njiani alipanga namna ya kuuliza bila kusema ameipata wapi habari. Lakini alipofika nyumbani, na Séphora yuko barazani anachambua sombe, majani ya muhogo, maneno yalitoka yenyewe.

"Mimi sifikiri muliniiba kitu."

Kisu kilisimama. Séphora alimtazama mama yake, kisha dirisha la chumba, kisha pazia. Alielewa upesi kuliko Angélique alivyotarajia.

"Ulituwekea telefoni."

"Séphora..."

"Ku maji ya mutoto. Ulituwekea telefoni ku maji ya mutoto."

Tangu jioni hiyo nyumba ilinyamaza. Séphora alimwogesha Chance kwa mlango wazi, midomo imefungwa, kama mtu anayeosha sahani. Jumanne hakwenda kwa Claire. Angélique alipata alichokitaka: hapakuwa tena na sauti nyuma ya mlango, hapakuwa na Kilendu ndani ya nyumba yake. Aliweza kwenda sokoni kwa wakati.

Ni mtoto aliyekataa. Siku ya pili Chance alianza kumtazama mama yake mdomoni. Akiwa majini alipiga mguu, akangoja, akapiga tena. Siku ya nne alinyoosha mkono wenye povu, akashika mdomo wa chini wa Séphora, akauvuta, kama mtu anayejaribu kufungua kopo. Séphora aliutoa mkono polepole. Mtoto akaurudisha. Hakulia. Angélique, aliyekuwa anapita na makala, mkaa wa mbabula, jiko lake, aliona yote, na akashindwa kuendelea na safari yake.

"Musemeshe," alisema.

"Na luga gani?"

"Ile."

"Ile ya bauaji? Si ndivyo unafikiri?"

Angélique aliweka makala chini. Alikuwa amefikiri hivyo hasa, kwa neno hilohilo, na kulisikia kwa sauti ya mtoto wake kulimfanya aone aibu. "Nataka uniambie," alisema. "Nitasikia tu. Sitauliza."

Séphora alimfunika mtoto, akamweka mapajani. Alisema akitazama beseni.

"Nilitembea siku mbili. Nilifika ku nyumba moja, kuko mama muzee, Mama Lotsove. Aliniona, akajua mimi si wa kwao. Alinitia mu nyumba ya maindi, akafunga. Nilifikiri anaenda kuita batu. Alirudia na maji ya moto." Alimfuta mtoto povu sikioni. "Nilikuwa sisemi, mama. Si juu ya kukataa. Neno haikutoka. Mutoto alizaliwa pale, nikamuangalia tu, kama mutoto wa mutu. Sikumugusa. Ule mama ndiye alimuogesha. Kila siku anamuambia: hii ni maji, hii ni muguu. Anangoja, anasema ehee. Mimi niko ku kona, nasikia. Siku moja alienda ku shamba, mutoto akalia, na mimi nikasema ile maneno. Ilikuwa neno yangu ya kwanza tangu Kasenyi."

"Na hapa? Juu ya nini ulinyamaza miezi yote?"

"Niliogopa mutanisikia. Ni Claire alisema mutoto anatakaka sauti. Kiswahili ya kusemesha mutoto sina. Kihema pia sina. Weye ulikuwa unanisemesha: teka maji, fagia, funga mulango."

Ilikuwa kweli. Angélique alitafuta kichwani neno moja alilowahi kumwambia Séphora akiwa mchanga, na hakulipata. Nyumbani kwao mtoto alishibishwa, aliogeshwa, alibebwa; kuongea na asiyeweza kujibu ilikuwa kazi ya walevi. Mama yake mwenyewe hakumsemesha. Hakuna aliyeona ubaya.

Alikuwa ameahidi kutouliza. Lakini swali lilikuwa limekaa kwake miezi mingi, likatoka.

"Ule mama alikuwa na mwana mwanaume?"

Séphora alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nilijua. Ndiyo, iko naye. Mukubwa. Ndiye alinibeba na moto mpaka karibu ya barrière ya basoda, akarudia juu ya woga. Hakuniuliza hata jina."

Angélique alisema "aya," akaokota makala yake. Aliamini. Jikoni, akipuliza moto, alihesabu miezi mara ya tatu.

Sauti ilirudi asubuhi yake, na mlango ulibaki wazi nusu. Kosa lilikuwa hapo. Jirani yao, Mama Orly, alikuwa na masikio, na ukuta kati ya viwanja viwili ulikuwa wa miti na udongo. Jumapili baada ya misa akaja Zacharie.

Zacharie alikuwa mdogo wa marehemu Athanase, na ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo Bunia. Alikuwa amepoteza ng'ombe wote, na mtoto wake wa kwanza, Lionel, aliuawa kwenye barabara ya Bogoro. Hakuna aliyejua ni nani alifanya, wala hakuna aliyeshtakiwa, lakini Zacharie alikuwa amekwisha kukata hukumu moyoni. Alikaa kwenye kiti alicholetewa, akakataa chai.

"Shemeji, banasema mu hii parcelle, mu nyumba yako, mutoto anasemeshwa Kilendu."

Séphora alikuwa amesimama mlangoni, Chance kiunoni. Zacharie hakumtazama yeye. Alimtazama mtoto: paji la uso, pua, masikio. Angélique aliitambua namna ile ya kutazama, kwa sababu ilikuwa yake.

"Ile mutoto ni wa nani?" Zacharie aliuliza.

"Ni wa Serge wa Kasenyi. Unajua."

"Najua kile mulituambia. Kama iko na baba, apelekwe kwa baba yake. Kama baba yake iko kule milima, apelekwe kule milima. Damu ya ndugu yangu haitalala nyumba moja na..."

"Ni mimi nilisema amusemeshe," Angélique alisema.

Zacharie aligeuka. "Weye?"

"Mimi. Mutoto alikuwa ananyamaza. Nikamuambia Séphora, musemeshe na luga iko nayo. Kuko mama muzee kule aliokoa mutoto wako, baba mudogo. Huyu Séphora, wa ndugu yako. Angemuacha inje, siye tungekuwa na kaburi bila mutu ndani. Alimufundisha kuogesha mutoto. Basi, anaogesha vile alifundishwa."

"Ulimuona ule mama na macho yako?"

"Hapana."

"Unaamini tu?"

 Angélique alihisi macho ya Séphora mgongoni.

"Naamini," alisema.

Zacharie alisimama, akavaa kofia yake. Hakuonyesha hasira, alionyesha huzuni ya mtu anayefunga daftari. "Basi sasa muko batatu peke yenu," alisema, akaondoka.

Wiki zilizofuata Angélique alijifunza mambo ambayo hakuwahi kuyajua kwa upande wa mtu anayetengwa. Mke wa Zacharie alipita mbele ya meza yake sokoni, akanunua maharage kwa mwingine. Kanisani nafasi ilibaki wazi kando yake. Mama Orly alimsalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani, kisha alisimama kidogo, akisikiliza ndani. Angélique alijikuta anafunga mlango mwenyewe asubuhi, si tena ili kumzuia binti yake, bali ili kuwazuia wale wa nje.

Wakaenda kwa Claire pamoja, yeye na Séphora, kumwomba atafute habari za Mama Lotsove. Séphora alitaka ule mama ajue mtoto ni mzima. Angélique alitaka hilo pia. Alitaka vilevile, na hakumwambia mtu, kumwona huyo mama, na kumwona mwana wake, sura yake, masikio yake. Claire alikuwa na binamu, Félicien, aliyefanya biashara ya mihogo upande ule. Wakangoja karibu mwezi mzima.

Jibu lilikuja Jumanne, wasichana wakiwa tayari wamekaa kwenye mikeka. Claire aliwaita pembeni. Kile kijiji hakina mtu tena, alisema. Kulikuwa na vita, watu walitawanyika, wengine kambini, wengine porini. Kuna Mama Lotsove wawili waliotajwa. Mmoja amekufa, mwingine hajulikani alipo. Ni yupi, Félicien hakuweza kusema.

Séphora alilia bila sauti. Angélique alimchukua Chance ili binti yake aweze kulia vizuri, akaenda kukaa naye nje, kwenye benchi ya saruji, juani. Alielewa kwamba hakuna tena mtu wa kumuuliza. Abigaël aliona mimba na si zaidi, namba ya Serge haipatikani, na yule mama aliyeona kila kitu hatapatikana. Kuanzia siku hiyo, neno la Séphora ndilo neno lote lililokuwapo. Angeweza kuendelea kuhesabu mpaka kufa.

Mtoto alikuwa anamtazama mdomoni. Angélique aligeuza kichwa, kuona kama kuna mtu karibu. Hakuna. Ndani Claire alikuwa anawauliza wasichana nani ataanza.

"Hii ni benchi," Angélique alisema kwa Kihema, chinichini, na akaona haya mpaka masikioni. "Iko na moto juu ya jua. Hii..." Alishika mguu wa mtoto, mguu mzito wenye mikunjo. "Hii ni muguu. Muguu ya nani?"

Kisha akanyamaza, kama walivyosema, akangoja. Chance hakupiga mguu, wala hakutabasamu. Alikunja uso, akaegemea nyuma kidogo kwenye mkono wa nyanya yake, akamchunguza, kama mtu anayesikiliza habari ambayo hajaamua kuiamini. Angélique alingoja. Jua lilikuwa kali, na maharage yake yalikuwa sokoni bila mtu.

"Ya nani?" akauliza tena.